Shaba Isiyojua Njia ya Kutoka

Jua likishazama Kariakoo haifungi, inabadilisha biashara tu. Wenye maduka ya jumla wanashusha mageti ya chuma, na mbele ya mageti hayohayo mtu mwingine anapanga meza yake: jiko la mkaa, sinia la pweza aliyechemshwa hadi akawa zambarau, ndimu zilizokatwa, pilipili ya maji kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, na sufuria ya supu. Wateja karibu wote ni wanaume, na hakuna anayekaa. Mmoja anaomba kikombe, anakinywa haraka kama anayemeza dawa, kisha anaokota kipande cha mnofu kwa kijiti. "Hii ndiyo heshima ya ndoa, kaka," muuzaji anamwambia bila kuulizwa. Waliosimama jirani wanatazama barabarani, kila mmoja kajifanya hakusikia.

Sina ugomvi na pweza. Nimemla Kariakoo, nimemla Forodhani, na nitaendelea kumla. Ila kila nikikiona kikombe kile nakumbuka kwamba damu ya pweza si nyekundu. Sisi tunabeba hewa mwilini kwa madini ya chuma, na damu yetu ni nyekundu. Pweza anabeba yake kwa shaba, na damu yake ni ya bluu, akiwa na mioyo mitatu ya kuisukuma. Kwa hiyo mwanamume anayekunywa supu ile kwa kutafuta mtoto, anakunywa na shaba kidogo pamoja na chumvi na ndimu. Kwa wengi wetu haina neno. Wapo wachache waliozaliwa na hitilafu ambayo shaba ikishaingia mwilini mwao haioni njia ya kutoka, na baadhi yao ndio hao wanaohangaika miaka kupata mtoto.

Tuanze na vipimo, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Shaba yote iliyomo mwilini mwa mtu mzima haizidi sana miligramu 100. Ukiiweka kwenye mizani ya muuza viungo wa Kariakoo, mshale hautatikisika. Mahitaji ya siku hayafiki miligramu 1. Na pweza, pamoja na sifa zake zote, si tajiri wa shaba hivyo: gramu 100 zake hazifikishi miligramu 1. Tajiri ni maini. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina kama miligramu 14, yaani mahitaji ya wiki mbili katika sahani moja. Korosho za Mtwara nazo zina miligramu 2 na ushee kwa gramu 100. Mtu anayefungua siku kwa chapati na maini, akatafuna korosho jioni na kuifunga siku kwa pweza, ameingiza shaba mara nyingi zaidi ya anayoihitaji, na wala hatajua, kwa sababu ini lake linajua kazi yake.

Anayeishi Dar es Salaam hahitaji picha ya mbali kuielewa kazi hiyo. Kila siku malori yanashuka kutoka Zambia na Katanga yamebeba mabamba ya shaba kuelekea bandarini. Sote tunajua bandari ikikwama siku chache tu jiji linakuwaje: foleni hadi huko, makontena juu ya makontena, madereva wamelala chini ya matela. Ini ndiyo bandari ya shaba mwilini. Karibu yote inayofyonzwa na utumbo hutua hapo kwanza. Sehemu yake hupakiwa kwenye protini iitwayo seruloplasmini ikasambazwa kwenye viungo vinavyoihitaji. Iliyozidi humwagwa kwenye nyongo, ikatoka na choo. Mpakiaji wa kazi zote mbili ni mmoja, protini iitwayo ATP7B. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye kromosomu ya 13, na wanasayansi waliyabaini mwaka 1993.

Maelekezo hayo yakiwa na kosa, malori yanaendelea kushusha mzigo lakini hakuna anayeupakia utoke. Shaba inarundikana kwenye ini kimyakimya miaka na miaka. Ini likifurika, inavujia kwenye damu ikiwa huru, haijashikwa na protini, na kwenda kutua kwenye ubongo, figo na macho. Dalili nyingi hujitokeza kati ya umri wa miaka 5 na 35, ndiyo kusema katikati ya umri ambao vijana wetu wanaoa. Jambo linalowachanganya hata wahudumu wa maabara ni kwamba ukipima seruloplasmini katika damu ya mgonjwa, mara nyingi iko chini. Ghala limejaa hadi paani, ila malori yanayotoka ni machache, kwa kuwa hakuna aliyeyapakia.

Ugonjwa huu unaitwa Wilson, kwa jina la Samuel Alexander Kinnier Wilson, daktari wa mishipa ya fahamu aliyeueleza mwaka 1912 akiwa London. Yeye aliona ubongo umeharibika na ini limesinyaa kwa wagonjwa walewale, wala hakujua kwamba mhusika ni shaba. Hilo lilithibitika miaka ya 1940 mwishoni. Hadi hapo kuugua Wilson kulikuwa kuhesabu siku. Kisha mwaka 1956 John Walshe, Mwingereza, akaleta penisilamini, kidonge kinachoshika shaba na kuitoa kwa mkojo. Na kabla ya kumpa mgonjwa, alikimeza yeye mwenyewe. Napenda habari hiyo. Si kila muuza dawa ninayemfahamu angethubutu.

Urithi wake hauna haja ya maelezo marefu kwa Watanzania, kwa sababu tunao selimundu. Kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao nchini, na mama yeyote aliyewahi kuketi kwenye benchi la kliniki ya selimundu anaweza kukufundisha: baba mzima, mama mzima, kila mmoja amebeba nakala moja yenye kosa bila kujijua, na katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata nakala zote mbili. Wilson hurithiwa hivyohivyo, isipokuwa ni nadra zaidi. Makadirio yaliyozoeleka duniani ni mgonjwa mmoja katika watu 30,000, na mbebaji mmoja katika watu 90 hivi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 Dar es Salaam. Kama sisi ni sawa na dunia nyingine, jiji hili lina wagonjwa wapatao 180. Hawajai hata daladala saba. Lakini mbebaji mmoja kati ya 90 maana yake ni kwamba kwenye harusi yoyote ya ukumbi wa watu mia nne, wapo wanne au watano wanaokula pilau nawe.

Sasa tushuke chini ya mkanda.

Mwanamume mwenye Wilson anaweza kupoteza uzazi kwa njia kadhaa, na ya kwanza haianzii korodani hata kidogo. Inaanzia kwenye ini. Kila mwanamume ana homoni kidogo ya kike, estrojeni, na ini zima huiondoa inapozidi. Ini lililojaa makovu haliwezi. Zaidi ya hapo, makovu hayo huiongezea damu protini inayoishikilia testosteroni, hivyo hata homoni ya kiume iliyopo inakuwa imefungwa mikono, kiasi kilicho huru kikapungua. Matiti yanavimba kidogo, nywele za kifuani zinapukutika, korodani zinanywea, hamu inaondoka, mbegu zinapungua. Hayo si ya Wilson peke yake; ini lililoharibiwa na pombe au na homa ya ini aina ya B hufanya vilevile. Ila mtaani mtu huyo haambiwi ana ini bovu. Anaambiwa ameishiwa nguvu za kiume, na kila mtu ana dawa yake.

Njia ya pili ni ubongo. Shaba hupenda kukaa kwenye vituo vinavyoongoza miondoko, na mkono ukaanza kutetemeka, maneno kuburuzika, mwandiko kuwa mdogo na mbaya. Huzuni nzito na hasira zisizo na sababu huweza kutangulia hata kutetemeka. Ndoa inateseka kabla mtu hajafikiria hospitali, na mara nyingi kilichofikiriwa kwanza ni kwamba karogwa.

Njia ya tatu iko ndani ya korodani zenyewe, na hapa shaba inaonyesha sura zake mbili. Mbegu ya kiume ni kichwa na mkia, na chini ya shingo zimezungushwa injini ndogo ndogo za kuuendesha mkia huo. Injini hizo haziwaki bila kimeng'enya chenye shaba. Kwa hiyo shaba kidogo lazima iwepo, na tafiti za panya zimeonyesha kwamba korodani nazo zina milango yake ya kuipokea na kuitoa, ATP7B ikiwamo. Ikizidi na kuwa huru, huzalisha kemikali zinazounguza mafuta laini ya ngozi ya mbegu. Mbegu haina akiba ya kujikarabati; ilishatupa karibu kila kitu ili iwe nyepesi ya kuogelea. Ikiungua, inazunguka palepale au inasimama.

Ajabu ni kwamba nusu ya jiji hili inalijua jambo hilo kutoka upande wa pili. Kliniki za uzazi wa mpango hutoa kitanzi, wengine wanakiita lupu. Kile chenye umbo la herufi T, kilichoenea kuliko vyote, kinaitwa T 380A kwa sababu kimezungushiwa shaba yenye eneo la milimita za mraba 380, na kinaaminika kwa miaka 10. Jaime Zipper, daktari wa Chile, ndiye aliyeonyesha kwa sungura mwaka 1969 kwamba shaba ndani ya mji wa mimba huzuia mimba, na kazi yake kubwa ni kuziua na kuzidhoofisha mbegu kabla hazijafika. Shaba ya kitanzi hukaa pale ilipowekwa, wala haimletei mwanamke ugonjwa wa Wilson. Nalisema hili kwa sababu nimeulizwa zaidi ya mara moja. Lakini wapo wenye nyumba, hapa hapa mjini, ambao mke kawekewa shaba asishike mimba, na mume kila jioni ananunua shaba kwenye kikombe ili aonekane dume. Wote wawili hawajui kwamba wanashika madini moja.

Upo pia ugonjwa ulio kinyume na huu, uliotajwa na John Menkes mwaka 1962, ambapo shaba inakwama utumbo ukiipokea na haifiki mwilini. Kosa lake liko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana unawapata watoto wa kiume, wenye nywele kavu zilizojisokota kama nyaya. Wengi hawavuki miaka mitatu. Suala la uzazi haliwafikii.

Turudi mtaani. Ukitoka kwenye meza ya pweza ukakata kona, utakutana na wauza dawa za nguvu za kiume: anayetembeza mkuyati, na mwenzake mwenye vikaratasi vya vumbi la Kongo. Lugha yao inachanganya mambo mawili ambayo hayana undugu wa lazima: nguvu na mbegu. Mwanamume anaweza kuwa simba chumbani na asiwe na mbegu hata moja hai. Mwingine anasuasua lakini mbegu zake ni mamilioni. Vumbi haliwezi kukwambia wewe ni yupi, na kama ini lako tayari limeelemewa, unga usiojulikana umechanganywa nini ni mzigo mwingine juu ya ini hilohilo. Tangu mwaka 2002 tunayo sheria ya tiba asili na baraza la kuisimamia, na waganga waliosajiliwa wapo. Mwenye kikaratasi barabarani ni mtu mwingine.

Kipimo chenyewe ni cha kawaida na hakiumi: manii kwenye kikopo, hadubini, hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini kwenye mbegu milioni 16 kwa mililita moja, au milioni 39 kwa toleo zima. Kinachoshindikana si kipimo, ni kumfikisha mwanamume pale. Shangazi yangu mmoja aliachika kwa kukosa mtoto baada ya miaka sita ya kuzungushwa kwa madaktari na kwa waganga, akasafishwa kizazi, akanyweshwa mizizi. Akaolewa tena Temeke, akazaa watatu. Yule mume wa kwanza hakupimwa hata siku moja, na hadi leo ukoo unasema shangazi "alifunguliwa" na mganga wa mwisho. Sijui alikuwa na nini, na Wilson ni nadra mno kuisingizia. Namtaja kwa sababu mwenye Wilson naye angepita kwenye mwanya huohuo: hajapimwa, hajaulizwa.

Akiulizwa, maswali yenyewe ni mepesi. Macho yamewahi kuwa ya njano? Mkono unatetemeka ukishika kikombe? Yupo ndugu wa tumbo moja aliyefariki akiwa kijana, tumbo limejaa maji, na hakuwa mnywaji? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumfanya daktari aagize seruloplasmini na mkojo wa saa 24. Zikizidi maikrogramu 100 za shaba kwenye mkojo huo, shaka inakuwa nzito. Kisha macho. Shaba hutengeneza pete ya kahawia yenye dhahabu pembezoni mwa konea, utando wa mbele ya jicho. Bernhard Kayser aliiona mwaka 1902 na Bruno Fleischer mwaka 1903, Wilson akiwa bado hajaandika kitu. Kwenye jicho la bluu la Mjerumani pete hiyo unaweza kuiona dirishani. Kwenye macho yetu meusi haionekani mpaka mgonjwa aweke kidevu kwenye hadubini ya daktari wa macho, na daktari awe ameambiwa anatafuta nini. Nadhani hilo peke yake limewaficha wagonjwa wengi wa huku.

Dawa ni za maisha yote. Penisilamini ipo, ipo trientini, na ipo zinki, ileile ambayo akina mama wanapewa kliniki pamoja na maji ya chumvichumvi mtoto akiharisha. Zinki huufanya utumbo utengeneze protini inayoidaka shaba ya chakula na kuishikilia mpaka seli hizo za utumbo zipukutike na kutoka nje. Kuna wanaume wazima kabisa wanaonunua vidonge vikali vya zinki Kariakoo kwa ajili ya mbegu, wakavimeza miezi mingi bila kumuuliza mtu. Hao wanaweza kujiletea ukame wa shaba, upungufu wa damu na miguu inayokufa ganzi. Mizani hii inaegemea pande zote mbili.

Mgonjwa aliyeanza dawa kabla ini halijafika mbali ana matumaini ya kweli. Wapo wanaume wenye Wilson waliotibiwa na sasa ni baba. Ila uvumilivu unahitajika, kwani mbegu moja huchukua siku kama 74 kutengenezwa, achilia mbali safari ya kutoka, kwa hiyo kipimo cha marudio kabla ya miezi mitatu hakisemi kitu. Na mke akishika mimba, dawa haziachwi. Walioacha kwa furaha ya namna hiyo wamerudi hospitali ini likiwa limegoma ghafla.

Linabaki swali la posa, na hili huulizwa kwa sauti ya chini. Kila mtoto wa baba mwenye Wilson atabeba nakala moja yenye kosa. Ataugua pale tu mama naye akimpa nyingine. Baba huyo akioa mtu asiye wa ukoo wake, nafasi ni moja kati ya 180 hivi. Lakini pwani kwetu, na kwenye familia za Kihindi na za Kiarabu za Upanga, Kisutu na Gerezani, binamu kuoana si habari. Mwenye Wilson akimwoa mtoto wa mjomba au wa ami, nafasi inaruka hadi moja kati ya nane. Simwambii mtu asioe anayempenda. Ninasema wazee wanaokaa mkekani kujadili mahari wangeweza, siku hiyohiyo, kujadili na damu. Hata kabla ya posa wapo wa kufikiriwa kwanza, nao ni ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa: kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa uleule, akiwa bado anacheza mpira na hajisikii chochote. Huyo akianza dawa leo, ini lake huenda lisipate kovu lolote.

Tuseme basi kijana anauza vitenge karibu na Mtaa wa Kongo, na amegundulika. Zinki humezwa mara tatu kwa siku, tumbo tupu, saa moja kabla ya kula. Ukiyafahamu maisha ya Kariakoo utajua ugumu uko wapi. Saa nne asubuhi simu yake inalia, anakata kipande cha kitenge cha mteja huku kidonge kiko ulimini, anasukumia maji ya chupa. Dakika kumi baadaye anapita mama ntilie, sinia kichwani, maini ya rosti yananukia vitunguu na nyanya. "Baba, leo unakula?" Anamwambia apite tena saa tano na dakika kumi, na amwekee maharage.